Mwongozo kamili: kupanga mafaili ya nota mpaka utoe skoa na pati za kila mpigaji bila watu kugongana mazoezini

Swali la jinsi ya kutoa karatasi za wapigaji kutoka kwenye wimbo wa kwaya uliochapwa kwenye kompyuta linarudi kila mara, hasa Pasaka na Krismasi zikikaribia. Mtu kachapa wimbo wote kwenye kompyuta, sauti nne zimekaa fresh, kinanda kipo, tarumbeta zipo. Anaanza kutoa karatasi za wapigaji, mazoezi yanaanza, na ghafla tarumbeta ya pili iko kipimo cha 40 wakati wenzake washafika 44. Mpigaji anatupiwa macho mabaya, mwalimu anapiga meza, wimbo unaanzwa upya.

Mara nyingi mpigaji hana kosa, kosa liko kwenye mafaili. Mtu alichukua faili la wimbo, akasevu kwa jina jingine, akafuta sauti zote akabakiza tarumbeta, akasevu tena, akafanya hivyo hivyo kwa tromboni, sasa ana mafaili saba ya wimbo mmoja. Mwalimu akiongeza vipimo vinne vya kuingilia anavirekebisha kwenye matano, mawili anayasahau.

Kwa hiyo mwongozo wote huu umesimama juu ya kitu kimoja: wimbo mmoja, faili moja, na kila karatasi inatoka humo humo. Skoa ni ile nota kubwa yenye kila mtu, pati ni karatasi ya mpigaji mmoja. Zote mbili zinakaa ndani ya faili moja, ukirekebisha nota upande mmoja na upande wa pili unarekebishika wenyewe.

Natumia MuseScore toleo la 4, programu ya kuandika nota, kwa mifano kwa sababu ni ya bure na ndo wengi wanayo. Wa Sibelius, Dorico na Finale, programu nyingine za kuandika nota, nimewawekea kipande chao huko chini.

## Unachohitaji kabla hujagusa nota

- Kompyuta yenye MuseScore. Zile sauti nzuri za Muse Sounds ni hiari, zinakula bando vibaya, na kwa kazi ya kutoa karatasi huzihitaji kabisa.
- Orodha ya wapigaji uliyoiandika kwenye karatasi: nani anapiga nini, na ala yake ni ya Bb, Eb au C (yaani akisoma nota C, inasikika Bb, Eb au C yenyewe). Piga simu uulize, usikisie.
- Mswada uliokubaliwa na mwalimu. Kama bado anabadilisha kiitikio kila Jumapili, subiri kwanza, pati zinatolewa mwishoni.
- Flashi na sehemu ya pili ya kuhifadhi, iwe mtandaoni au hata kujitumia mwenyewe WhatsApp.
- Penseli. Nitaeleza.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya jumla, hakikisha kujisevu kwenyewe kumewashwa na uweke kila dakika 2. Umeme wa mjini mnaujua, na laptopu nyingi tunazotumia betri zake zilishakufa zamani.

## Hatua ya 1: Tengeneza folda ya wimbo

Folda moja kwa wimbo mmoja. Tuseme ni wimbo wa sikukuu ya mavuno, ndani yake weka hivi:

- 01_Kazi: faili moja tu la mscz, yaani faili lenyewe la MuseScore. Narudia, moja.
- 02_PDF: karatasi za kutuma na kuprinti, za sasa hivi tu.
- 03_Zamani: kila kilichopitwa na wakati.
- 04_Chanzo: picha za mswada wa mkono, faili la Finale ulilopewa, rekodi ya simu ya mwalimu akiimba.

Majina ya mafaili yaanze na jina la wimbo, kisha tarehe ikianza na mwaka: *Mavuno_2025-08-10.mscz*. Ukianza na mwaka mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Na tafadhali tuachane na "final", "final mpya" na "final kabisa ya mwisho", kila mtu ana folda ya namna hiyo na hakuna anayejua ipi ndo ya mwisho.

Siku unaanza kurekebisha, kopi faili la sasa litupe 03_Zamani, kisha lile la 01_Kazi libadilishe tarehe. Ukiharibu una pa kurudi.

Tahadhari: faili ukishalisevu kwenye MuseScore 4 halifunguki tena kwenye 3. Kama mpiga kinanda wenu bado anatumia toleo la 3, mkubaliane mapema.

Umefanikiwa ukiona: mtu mwingine akifungua folda yako anajua faili sahihi bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Panga ala vizuri kabla ya kuandika

Bonyeza herufi I kwenye kibodi, litafunguka dirisha la kuchagua ala. Hapa watu wengi wanaharakisha, halafu ndo chanzo cha vurugu.

Kwanza, kila mpigaji apate mstari wake. Usiweke tarumbeta ya kwanza na ya pili kwenye mstari mmoja kwa sababu eti unabana nafasi, utapata pati moja yenye nota mbili mbili na wapigaji wataanza kuulizana "mi wa juu au wa chini?". Kama ulishaziandika kwenye mstari mmoja kama kodi (nota zilizobebana, zinazopigwa pamoja), ongeza mstari wa pili chini yake, chagua zile nota, nenda menyu ya "Tools" bonyeza "Explode", zitajigawa zenyewe.

Pili, chagua ala yenyewe, usichague piano halafu ukabadilisha jina kuwa tarumbeta. Programu inahitaji kujua ni tarumbeta ya Bb ili ihamishe nota. Ukiibadilishia jina tu utapata kitu kinaitwa tarumbeta lakini kinasoma kama kinanda.

Tatu, mpangilio wa kutoka juu kwenda chini: saksafoni, tarumbeta, tromboni, tuba, ngoma, halafu sauti ya kwanza mpaka ya nne, kinanda chini kabisa. Mwalimu macho yake yanatafuta mahali palepale kila wimbo.

Majina yaandike kama mnavyoitana: "Tarumbeta 1 Bb", "Saksafoni alto Eb". Hilo jina ndo litatokea juu ya pati na kwenye jina la PDF.

## Hatua ya 3: Cha wote kiwe cha wote, cha mmoja kiwe cha mmoja

Hii ndo hatua inayochemsha watu kuliko zote, soma taratibu.

MuseScore ina maandishi ya aina mbili. Kuna ya mstari mmoja, unabonyeza Ctrl+T, hayo yanatokea kwa mwenye huo mstari peke yake. Na kuna ya mfumo mzima, Ctrl+Shift+T, hayo kwenye skoa unayaona mara moja juu lakini kwenye pati yanamfikia kila mtu.

Kwenye skoa huwezi kuona tofauti! Ukiandika "Taratibu" juu ya mstari wa kwanza kwa Ctrl+T, skoa inapendeza, mwalimu anaridhika, wewe unafurahi. Ila saksafoni iliyo juu ndo imeona neno hilo peke yake. Tromboni hana habari, anaendelea na spidi yake, na mnafika kiitikio kila mtu na saa yake.

Kwa hiyo vitu hivi viwe vya wote:

- Spidi: Alt+Shift+T, usiandike kama maandishi ya kawaida.
- Kupunguza na kuongeza mwendo: chukua "rit." na "accel." kwenye kisanduku cha "Tempo", usizichape mwenyewe.
- Herufi za mazoezi A, B, C: Ctrl+M.
- Kurudia, mwisho wa kwanza na wa pili, D.S. na Coda (alama za kurudi nyuma na kurukia mwisho): vichukue kwenye visanduku vyake, vitatokea kwa kila mtu vyenyewe.
- "Kiitikio", "Shairi la 2", "Kwaya peke yake": Ctrl+Shift+T.

Na hivi vinatakiwa kuwekwa kwa kila ala moja moja, hakuna njia ya mkato: alama za nguvu ya sauti kama p, mf na f, fermata (alama ya kushikilia nota), na maelekezo ya mtu mmoja kama kuweka kizibo kwenye tarumbeta. Ukiweka f kwenye sauti ya kwanza tu, tuba ataendelea kupiga kwa sauti ya chini kama yuko msibani na wala hana kosa. Kopi ile alama, pesti kwenye kila mstari unaohusika.

Herufi za mazoezi usizifanyie ubahili. Mpigaji akiwa na mapumziko ya vipimo 32 mfululizo atapotea tu, hata awe fundi vipi. Ukiweka herufi kila unapobadilika ubeti, yale mapumziko kwenye pati yanakatika yenyewe, anaona 8, kisha A, 12, kisha B, 12. Mwalimu akisema "tuanze B" wote wanajua pa kuangalia.

Umefanikiwa ukiona: unafungua pati ya ala isiyo na kazi nyingi, ngoma kwa mfano, na unaweza kuufuata wimbo mzima kwa kuangalia hiyo karatasi peke yake.

## Hatua ya 4: Ala zinazohamisha

Chini kwenye skrini kuna kitufe cha "Concert pitch". Kikiwa kimewashwa unaona nota kama zinavyosikika. Kikizimwa unaona kama mpigaji atakavyosoma. Chapa kwa namna unayopenda, lakini kabla ya kutoa pati kizime, kisha angalia kwa macho yako.

Jinsi ya kuhakiki: kama kwaya inaimba doh F, yenye bemoli moja, tarumbeta ya Bb na saksafoni tenor wataona G yenye dizi moja, saksafoni alto ya Eb ataona D yenye dizi mbili, tromboni anabaki na F yake kama kinanda. Ukifungua pati ya tarumbeta ukakuta bemoli ileile moja ya kwaya, kuna kitu hakijakaa sawa, rudi hatua ya 2 au angalia hicho kitufe.

Ila kabla ya hapo muulize mpigaji. Wapo wakongwe wa tarumbeta waliozoea kusoma karatasi ya kinanda na kuhamisha kichwani, huyo ukimpa iliyokwishahamishwa na yeye atahamisha tena, mtasikia maajabu.

## Hatua ya 5: Fungua pati

Juu kuna kitufe cha "Parts". Ukikibonyeza utaona kila ala ishaorodheshwa, fungua zote. Kila moja inakuja kwenye kichupo chake, ndani ya faili lilelile.

Tahadhari kubwa: pati siyo kopi. Ukifuta nota kwenye pati umeifuta na kwenye skoa. Ukifuta kipimo umewafutia wote. Kwenye pati rekebisha muonekano, nota zirekebishe kwenye skoa ambako unaona wenzake wanafanya nini.

Kuhusu waimbaji, mi siungi mkono kumpa kila sauti karatasi yake. Muimbaji anahitaji kumuona mwenzake, sauti ya tatu anashika nota yake kwa kusikiliza ya kwanza. Wape sauti nne pamoja: kwenye dirisha la "Parts" tengeneza pati mpya, iite "Kwaya", kisha kwenye paneli ya ala pembeni washa macho ya sauti nne tu, mengine yazime. Mpiga kinanda mtengenezee yake yenye kwaya na kinanda.

## Hatua ya 6: Muonekano wa karatasi

Fanya hii mwisho, nota zikishatulia. Ukianza mapema kila kipimo kinachoongezwa kinavuruga kurasa zote na utarudia kazi bure.

Nenda "Format", halafu "Page settings". Weka A4. Kwa pati, nafasi kati ya mstari na mstari ya mm 1.75 inafanya ile mistari mitano iwe na urefu wa mm 7, hapo hata mzee mwenye miwani anasoma akiwa kasimama. Usiishushe ili ubane wimbo ukurasa mmoja. Kuna kitufe cha kupeleka mpangilio kwenye pati zote, kitumie, usirudie kazi pati moja moja. Skoa yenyewe inaweza kuwa ndogo zaidi, mwalimu ana stendi.

Sasa pitia pati moja baada ya nyingine:

Ukitaka mstari uishie mahali, chagua kipimo ubonyeze Enter. Ukitaka ukurasa uishie hapo, Ctrl+Enter. Jaribu kila herufi ya mazoezi ianze mwanzo wa mstari, jicho linaipata haraka.

Kugeuza karatasi ndo mtihani. Mpiga tarumbeta mikono yote ina kazi, hawezi kugeuza katikati ya nota. Tafuta mapumziko, kata ukurasa hapo. Pati ya kurasa mbili inafunguliwa kama kitabu na haina shida. Ikifika tatu, hakikisha mwisho wa ukurasa wa pili kuna mapumziko ya kutosha, hata ikibidi uache nusu ukurasa mweupe.

Mapumziko marefu yakionekana kama vipimo vitupu vimepangwa foleni, bonyeza herufi M ukiwa kwenye hiyo pati, yatakusanyika yawe alama moja yenye namba.

## Hatua ya 7: Tarehe kwenye kila karatasi

Hii ni ndogo lakini imeokoa mazoezi mengi kuliko kitu kingine chochote humu. Nenda "Format", "Style", kisha sehemu ya kichwa na mguu wa ukurasa. Washa mguu wa ukurasa, andika:

$:workTitle: – $I – $M – uk. $P

MuseScore itaweka yenyewe jina la wimbo, jina la pati, tarehe faili liliporekebishwa na namba ya ukurasa. Jina la wimbo linatoka kwenye "Project properties" ndani ya "File", kwa hiyo lijaze kule kwanza. Bonyeza kupeleka kwenye pati zote.

Kuanzia hapo, mtu akigongana na wenzake swali ni moja tu: karatasi yako ya tarehe ngapi?

## Hatua ya 8: Toa PDF

"File", "Export". Chagua skoa na pati zote, aina PDF, kisha chagua kila pati iwe faili lake. Zipeleke 02_PDF baada ya kuhamisha za zamani 03_Zamani.

Zikishatoka zipe namba mbele: 00_Skoa, 01_Saksafoni_alto, 02_Tarumbeta_1, hivyo hivyo, na sifuri usiziache kwa sababu simu nyingi zinaweka 10 kabla ya 2.

Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukipiga picha ya skrini ukatuma kama picha inabanwa, nukta pembeni ya nota inapotea, na nukta ikipotea hesabu yote imeharibika.

Kagua hivi: fungua PDF zote, angalia namba ya kipimo penye herufi C kwenye kila moja. Zikiwa sawa kote, uko salama. Moja ikitofautiana hiyo PDF ni ya zamani, itoe upya.

## Hatua ya 9: Steshenari

Nenda na PDF, usiende na mscz, kompyuta ya steshenari ya Mwenge au Posta haina hiyo programu na wala haina haja ya kuwa nayo. Mwambie kijana aprinti saizi halisi, asiweke ya kujaza karatasi, ile inapunguza na kukupotezea mm 7 zako. Printi ya kwanza iwe pati moja tu, ipime kwa rula, ikikaa sawa toa zingine.

Pati za kurasa mbili ziprintiwe upande mmoja mmoja kisha ziunganishwe kwa selotepu katikati, zifunguke kama kitabu. Ukiweka mbele na nyuma umerudisha tatizo la kugeuza. Karatasi ya gramu 80 inatosha kwa mazoezi, siku yenyewe ukipata ya gramu 100 ni bora, zile feni za kanisani zinapeperusha karatasi nyepesi mpaka chini ya mabenchi. Vibanio vya nguo vya Kariakoo, viwili kwa stendi, kazi imeisha.

## Wenye Sibelius, Dorico na Finale

Sibelius kanuni ni ileile, pati zimo ndani ya faili la skoa tangu toleo la 4 la mwaka 2005. Dorico nayo inafanya hivyo hivyo. Usisevu mafaili tofauti.

Wa Finale mna kazi ya ziada. MakeMusic walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza. Iliyopo kwenye mashine yako haijafa leo, ila siku kompyuta ikibadilishwa unaweza kukwama na mafaili ya miaka yote. Nenda "File", "Export", kuna sehemu ya kubadilisha folda nzima kuwa MusicXML, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingine za nota, kwa mkupuo. Fanya hivyo sasa wakati bado inafunguka, na toa PDF ya kila wimbo pia kwa sababu MusicXML inabeba nota na maneno vizuri lakini mpangilio wa kurasa usiutegemee. Ukifungua MuseScore pitia upya hatua ya 3, maelekezo mengi yanaingia kama maandishi ya mstari mmoja.

## Hatua ya 10: Mwalimu akibadilisha baada ya mazoezi

Na atabadilisha. Kwanza, awepo mtu mmoja tu anayeshika faili la 01_Kazi, wengine wanaleta mapendekezo. Mkiwa wawili mnaorekebisha kila mtu kwake mmesharudi kwenye mafaili mawili ya wimbo mmoja.

Mabadiliko yakigusa idadi ya vipimo, spidi, kurudia au herufi za mazoezi, toa pati zote upya, hata ya yule ambaye nota zake hazijaguswa. Kwenye grupu andika tarehe mpya na waambie wafute za zamani kwenye simu, na wewe kusanya zile za karatasi mkononi, usiwaachie wazichane wenyewe maana hawachani.

Kama ni nota mbili tatu za tromboni tu, rekebisha kwenye faili ila usiprinti kitu. Mpe tromboni ile penseli.